Namba ya Sataranji na Sintaksia ya Idadi Kubwa katika Kiswahili

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba hisabati aghalabu huishia kwenye uhaba wa istilahi. Makala haya yanadai kuwa, kwa upande wa idadi kubwa, tatizo la msingi ni la kisintaksia. Mfano wetu ni 18,446,744,073,709,551,615: jumla ya punje za ngano iwapo mraba wa kwanza wa ubao wa sataranji utawekewa punje moja, na kila mraba unaofuata ukapewa maradufu hadi wa 64.

Al-Biruni aliikokotoa namba hiyo katika Al-Athar al-Baqiya, takribani mwaka 1000, bila kujumlisha mraba mmoja mmoja. Alitumia vipeo vya pili: kuanzia 2 tunapata 4, 16, 256, 65,536 na 4,294,967,296, kipeo cha sita hutoa 18,446,744,073,709,551,616, nasi tukatoa moja. Ngazi hiyohiyo hufichua vigawo. Tukiongeza moja kwa kila kidato, kuanzia 2 hadi 4,294,967,296, zao la majibu hayo sita ni namba yetu. Matano ya mwanzo, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni namba tasa. Fermat alidhani kuwa mfululizo huo ungeendelea kuzaa namba tasa daima. Mwaka 1732 Euler alionesha kuwa 4,294,967,297 ni 641 mara 6,700,417.

Hata hivyo, namba iliyokokotolewa hudai pia kutamkwa. Kiarabu cha zama hizo hakikuwa na neno la milioni. Kilirudia alf juu ya alf. Ili msomaji aone ukubwa wake, al-Biruni aliipanga kwa nomino za vipimo, kutoka mifuko ya elfu kumi na mizigo ya nyumbu hadi milima 2,305.

Kiswahili nacho kilikuwa na kikwi, kikapokea elfu kutoka Kiarabu, laki kutoka lugha za Bara Hindi, na baadaye milioni. Msamiati ulikopwa, lakini mpangilio ulibaki wa Kibantu: nomino hutangulia kivumishi chake. Kama tusemavyo watu watano, ndivyo tusemavyo elfu tano. Hapo ndipo utata huzaliwa. Elfu mia tano hamsini na moja ni 551,000, kama ilivyo ndani ya namba yetu, au ni 500,051? Katika mkataba au hati ya malipo, tofauti hiyo ni ya shilingi 50,949.

Laki huondoa utata huo: laki tano na elfu hamsini na moja haiwezi kuchanganywa na laki tano na hamsini na moja. Kwa tarakimu chache zaidi, wazungumzaji hugeuza mpangilio na kusema hamsini na moja elfu. Kwa hiyo, anayeliondoa laki katika vitabu vya hisabati kwa kulidhania neno la sokoni huiondolea lugha kitenganishi cha kisarufi, ambacho istilahi mpya pekee haziwezi kukifidia.