Jembe Jukwaani: Ngoma ya Bugobogobo na Historia ya Ardhi katika Ukanda wa Bulyanhulu

Miongoni mwa wanaotumia dansi ya kisasa kuelimisha jamii kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ipo dhana kwamba ngoma ya jadi ni hazina isiyo na doa. Mtunzi huichukua, huitia mbinu mpya, na mwanakijiji huelewa papo hapo. Insha hii inaipinga dhana hiyo kwa kurejelea historia ya Usukuma, hususan ukanda wa Bulyanhulu mkoani Shinyanga.

Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Mchezaji hulirusha, hulizungusha na kulidaka kwa mdundo uleule ulioongoza vikundi vya kulima kwa pamoja. Ilistawi sambamba na kilimo cha pamba, na pamba ilidai mashamba mapya. Kwa hiyo, mwili wa mchezaji ulisifu kazi ileile iliyopunguza miti. Haikuwa kazi pekee ya namna hiyo: kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, kwa utaalamu wa C.F.M. Swynnerton, ilihimiza ufyekaji wa vichaka vya Shinyanga ili kuangamiza mbung'o. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 nayo iliwatenga wafugaji wengi na ngitili zao, yaani malisho yaliyofungwa wakati wa masika ili yatumike kiangazi. Kufikia mwaka 1986 ngitili zilizorekodiwa zilibaki takriban hekta 600 tu.

Mwaka huo ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliodumu hadi 2004. Ulitumia maigizo, video, magazeti na warsha za vijijini, na ulipokwisha ngitili zilikuwa zimefikia angalau hekta 350,000. Ni rahisi kuipa sanaa sifa yote hiyo. Kwa maoni ya mwandishi, huko ni kusoma historia kinyumenyume. Maigizo yalionyesha mmomonyoko. Lakini aliyelisha ng'ombe ndani ya ngitili iliyofungwa alihukumiwa na dagashida, baraza la jadi, na sungusungu walisimamia adhabu. Sanaa ilifanya kazi pale ambapo mtazamaji alikuwa na mamlaka juu ya ardhi aliyohimizwa kuitunza.

Huko Bulyanhulu mamlaka hayo yana historia chungu. Wachimbaji wadogo waliondolewa Agosti 1996, na mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Katika ukanda huu wa dhahabu mti ni matimba ya kushikilia duara lisiporomoke, na ni mkaa wa kupikia. Dansi inayomwambia mchimbaji asikate mti, bila kugusa swali la nani anamiliki ardhi, itaonekana kuwa amri nyingine kutoka nje.

Mradi wa Malya, wilayani Kwimba, wa miaka ya 1982 na 1983, ulioendeshwa na wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwemo Penina Mlama, ulifuata utaratibu tofauti. Wanakijiji walichambua kwanza tatizo lao, ambalo lilikuwa mimba za wasichana, ndipo ngoma na maigizo yakatungwa, na mjadala ukafuata.

Jambo moja zaidi husahaulika. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, kambi mbili za ngoma za Wasukuma, hakimu ni umati wenyewe: anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Onyesho la tabianchi linaloletwa na mfadhili halina mpinzani upande wa pili wa uwanja, wala mtazamaji hana pa kuhamia likimchosha.