Maji ya Makindu na data zake

Wasomaji, leo tuache programu kidogo tuzungumzie maji. Msikimbie, hata hapa tutakutana na data.

Makindu ni sehemu kame yenye chemchemi. Mvua ya vilima vya Chyulu hupenya kwenye mawe ya volkano, kisha huibukia Makindu, Umani kule Kibwezi, na Mzima, ambako bomba huyapeleka maji hadi Mombasa. Reli ilipopita hapa mwishoni mwa miaka ya 1890, injini za mvuke zilihitaji maji, na si maji yoyote tu: yenye madini mengi huacha ukoko ndani ya boila.

Mwaka 1974 serikali iliunda wizara ya maji na kuahidi maji kwa kila nyumba, karibu na nyumbani, ifikapo 2000. Mwaka huo ukafika, ahadi haijatimia. Na Ukambani, kupata kisima ni jambo moja, kupata maji matamu ni jingine. Kuna visima vyenye chumvi hata ng'ombe anasita. Floridi nayo haina ladha: Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na bila kipimo huwezi kuijua.

Sheria ya Maji ya 2002 ilizaa WRMA, na usimamizi ukagawanywa kwa mabonde ya mito. Makindu ikaangukia bonde la Athi. Mwaka 2006 zikaja kanuni za ubora wa maji chini ya NEMA. Sheria ya 2016 ikaibadilisha WRMA kuwa WRA.

Sasa fikirini kama waandishi wa programu. Kila ofisi inapobadilika, faili za zamani huenda wapi? Kipimo kisicho na tarehe, mahali, kizio na mbinu ni namba tupu. Programu ikipotea, utaiandika upya. Kipimo ambacho hakikuchukuliwa 1985 hakuna atakayekichukua leo.

Hili si la makumbusho. Mto Athi hubeba taka za Nairobi, na chini yake, Makueni, ndipo bwawa la Thwake lilipoanza kujengwa mwaka 2018. Watakaokunywa maji yale wana haki ya kuuliza: jana yalikuwaje, na leo yakoje? Jibu linahitaji safu mbili za namba, si moja.