Tuzo iliyowapita wanariadha wa Manyara

Alphonce Simbu alipovuka mstari wa marathoni Tokyo, Septemba 15, 2025, alimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu, wote wakiandikiwa saa 2:09:48. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Mwaka ulipokwisha, Mwanariadha Bora wa Dunia kwa wanaume akawa Armand Duplantis wa Sweden, na tuzo ya mbio za nje ya uwanja ikaenda kwa Mkenya Sabastian Sawe. Ni haki ya mtu wa Mutuka, au wa kata yoyote ya mji wa Babati, mkoani Manyara, kuuliza: tuzo hii hutolewaje?

Ilianza mwaka 1988, na mwanamume wa kwanza kuipata ni Mmarekani Carl Lewis. Ilichelewa mno kwetu. Filbert Bayi alikuwa ameshavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, na Suleiman Nyambui ameshaleta medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980.

Aliyeonewa zaidi na kalenda, kwa maoni yangu, ni Gidamis Shahanga wa Katesh. Mwaka 1978, akiwa kijana wa miaka 20, alikwenda Edmonton, Canada, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akatwaa marathoni mbele ya mwenyeji Jerome Drayton. Miaka minne baadaye, Brisbane, akachukua dhahabu ya mita 10,000, na kama vile hajachoka, akaingia tena kwenye marathoni. Yeye na Mtanzania mwenzake Juma Ikangaa wakawaacha wenzao mbali, Waaustralia wakishika vichwa, mpaka Robert de Castella alipoanza kuwafukuzia. Shahanga akaishiwa nguvu. Ikangaa akapambana hadi mwisho, akakosa kwa sekunde 12. Leo Babati inajaa Uwanja wa Tanzanite Kwaraa kwa mechi za Ligi Kuu, lakini ukimtaja Shahanga kwa kijana, jiandae kueleza ni nani.

Edmonton ilitupenda tena 2005, Fabiano Joseph alipokuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni. Tuzo ya mwaka huo ilikwenda kwa Kenenisa Bekele, kwa mara ya pili mfululizo.

Jirani zetu Wakenya wameionja: David Rudisha 2010, Eliud Kipchoge 2018 na 2019.

Mshindi hupatikana kwa kura. Mashabiki wamepewa robo, wakipiga kwa laiki kwenye Facebook na Instagram. Nusu ni ya Baraza la Shirikisho la Riadha Duniani, na robo nyingine ya wadau wake. Mwaka 2023 fainali ilimkutanisha Kelvin Kiptum, aliyekimbia Chicago kwa 2:00:35, na watu kama Noah Lyles na Neeraj Chopra, mrusha mkuki kutoka India yenye watu zaidi ya bilioni moja. Utalinganishaje mkuki na marathoni? Wanariadha wenyewe walilalamika, na rais wa Shirikisho, Sebastian Coe, akaigawa tuzo ya mwaka huo sehemu tatu: mbio za uwanjani, kuruka na kurusha, na nje ya uwanja. Kiptum akapata yake Desemba, na Februari akafariki kwa ajali ya gari.

Kura za mashabiki hupigwa mwezi Oktoba, kwenye kurasa za Shirikisho, na hazihitaji nauli.