Kutoka Wakfu hadi Sheria: Historia ya Huduma kwa Watu Wenye Ulemavu katika Jadida, Pemba

Jadida ni miongoni mwa shehia zinazounda mji wa Wete, katika Mkoa wa Kaskazini Pemba, na shehia ni ngazi ya chini kabisa ya utawala wa Zanzibar, inayosimamiwa na kiongozi anayeitwa sheha. Historia ya huduma kwa watu wenye ulemavu katika eneo hili haiwezi kutenganishwa na historia ya Wete yenyewe, kwa kuwa bandari, mashamba ya karafuu, hospitali na ofisi za serikali ndivyo vilivyoamua ni msaada gani ungefika na ungefika kwa njia ipi. Katika vipindi vyote jambo moja limejirudia: huduma iliyoanzishwa bila ya kuwapo mtu wa kuiunganisha na nyumba yenye mhitaji ilibaki kuwa ya jina tu, na ile iliyompata mtu huyo ilibadilisha maisha hata pale ilipokuwa na rasilimali chache.

Kabla ya serikali kujitwika jukumu hili, mhimili wa msaada ulikuwa ukoo. Mtoto aliyezaliwa kiziwi, mzee aliyepofuka au kijana aliyepooza alitunzwa na jamaa zake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo, yaani kuogesha, kulisha, kubeba na kuuguza, ilikuwa mikononi mwa mama, bibi na shangazi, ambao mchango wao haukuandikwa katika daftari lolote. Juu ya ukoo ulisimama utaratibu wa dini, ambamo zaka, yaani fungu la mali ambalo Muislamu mwenye uwezo analazimika kulitoa, iligawiwa mafakiri na masikini, na wakfu, yaani mali iliyofungwa isiuzwe wala isirithiwe ili mapato yake yatumike katika jambo la kheri, ulisaidia misikiti na wasiojiweza. Utaratibu huo ulikuwa na nguvu kwa sababu mtoaji alimjua mpokeaji na nyumba yake. Hata hivyo, ulimtazama mtu mwenye ulemavu kama mstahiki wa sadaka tu, na mara chache ulimtafutia elimu au kazi.

Uchumi wa karafuu uliongeza mahitaji ya msaada. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangamiza mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo iliyokuwa mzalishaji mkuu wa zao hilo, na kazi ya kuchuma, ambayo humtaka mchumaji apande juu ya mti mrefu wenye matawi mepesi kukatika, ikawa chanzo cha kudumu cha majeraha ya uti wa mgongo na mivunjiko ya viungo. Wakati huohuo, amri ya Sultani ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa ilimtaka aliyeachwa huru athibitishe kuwa ana makazi na njia ya kujikimu, sharti lililokuwa zito zaidi kwa mzee au mlemavu ambaye nguvu zake zilikwisha katika mashamba. Wamisionari wa Kikristo wa madhehebu ya Kikwekeri waliofika Pemba mwaka huo na kujenga kituo chao Banani, karibu na Chake Chake, walikuwa miongoni mwa wachache walioshughulika na hali za watu hao, lakini Banani ilikuwa mbali na Wete kwa mtu asiyeweza kutembea.

Chini ya himaya ya Uingereza, iliyotangazwa mwaka 1890, mkabala ulikuwa wa kuwaweka wahitaji mahali pamoja zaidi kuliko kuwafuata majumbani. Waliougua ukoma walitengwa katika makambi, jambo lililoongeza unyanyapaa juu ya ulemavu ulioletwa na maradhi yenyewe, na huko Unguja kituo cha Welezo kilipokea mafukara na wazee wasiokuwa na jamaa. Fikra ya makaazi ya pamoja haikutoweka baada ya ukoloni, kwani serikali iliendelea kuwatunza wazee wasiojiweza katika nyumba za Welezo na Sebleni huko Unguja, na kwa upande wa Pemba katika nyumba za Limbani, mjini Wete. Nyumba hizo ziliokoa maisha ya waliokosa pa kwenda, lakini hazikuweza kuwa jibu kwa familia ya Jadida iliyotaka kuishi na mtoto wake na kumsomesha.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliweka msingi mpya. Tarehe 23 Septemba ya mwaka huo elimu ilitangazwa kuwa bure, na huduma za afya za serikali nazo zikatolewa bila malipo, hivyo kwa mara ya kwanza msaada ukawa haki ya raia. Hata hivyo, kufutwa kwa ada hakukumwezesha mtoto asiyeona kusoma ubaoni, wala hakukumpa mtoto kiziwi mwalimu anayejua lugha ya alama, yaani lugha kamili inayotumia mikono na uso badala ya sauti. Skuli maalumu zilizotangulia Tanzania Bara, kama ile ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, na ile ya viziwi ya Buguruni, Dar es Salaam, zilikuwa ng'ambo ya bahari, na mzazi wa Pemba aliyezitamani alipaswa kukubali kutengana na mwanawe.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu, na katika vuguvugu lililofuata uliundwa, mwaka 1985, Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, unaojulikana kwa kifupi kama UWZ, ambao uliwakusanya wanachama wa Unguja na Pemba. Umoja huo ulisimamia mpango wa utengamao wa kijamii, yaani njia ya kumwezesha mtu mwenye ulemavu palepale anapoishi, ambapo mfanyakazi aliyefunzwa huitembelea nyumba, huwaonesha jamaa namna ya kumfanyisha mtu huyo mazoezi ya viungo, na humwelekeza mhitaji hospitalini au skuli. Thamani ya njia hii ilikuwa zaidi ya ufundi wake, kwa sababu iliirudisha ile faida ya zamani ya kujuana na, safari hii, ikaiambatanisha na maarifa na haki. Baadaye zilitokea jumuiya za makundi mahususi, zikiwemo za wasioona, viziwi na watu wenye ulemavu wa akili, na hii ya mwisho iliwapa wazazi nafasi ya kuzungumza hadharani juu ya watoto ambao awali wengine waliwaficha.

Funzo hilohilo, la kuifuata nyumba yenye mhitaji, lilionekana katika afya. Ugonjwa wa matende na mabusha, unaosababishwa na minyoo inayosambazwa na mbu na unaoweza kuvimbisha miguu au korodani kiasi cha kumzuia mtu kufanya kazi, ulikuwa umeenea visiwani, na mwaka 2001 Zanzibar ilianza kugawa dawa za kinga kwa wakaazi wote wa Unguja na Pemba waliostahiki kuzimeza. Kampeni hiyo ilifanikiwa kwa kuwa wagawaji walitoka katika jamii zilezile na walipita nyumba kwa nyumba.

Karne mpya ilileta sheria. Mwaka 2006 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria Namba 9 ya Watu Wenye Ulemavu, iliyotambua haki zao na kuweka msingi wa baraza la taifa la kuwasimamia, na mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar ilipoundwa mwaka 2010, masuala haya yaliwekwa chini ya Ofisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, iliyoshikwa kwanza na Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe katika Wilaya ya Wete. Katika elimu, wizara ilianza kueneza elimu mjumuisho, yaani mfumo unaomtaka mtoto mwenye ulemavu asome katika skuli ya jirani pamoja na wenzake. Kwa wachumaji wa karafuu, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar lilianzisha malipo ya fidia kwa walioanguka mikarafuuni, na mwaka 2016 ilianza pensheni jamii, malipo ya kila mwezi kwa wazee waliofikia umri wa miaka 70, ambayo mwanzoni yalikuwa shilingi 20,000.

Familia ya Jadida inayotafuta huduma leo inarithi matabaka yote haya kwa pamoja. Inaye sheha, anayepaswa kujua nani yumo katika kila nyumba. Inao maafisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, hospitali ya Wete, skuli na jumuiya za watu wenye ulemavu. Na bado inao ukoo na msikiti. Kinachokosekana mara nyingi ni kiungo baina ya hivyo vyote, kwani kiti cha magurudumu kinaweza kuombwa katika ofisi moja, uchunguzi ukafanywa katika nyingine, na kiungo bandia kikatafutwa Unguja au Dar es Salaam kwa nauli ya boti ambayo mama mlezi hana. Kwa hivyo, kipimo cha haki cha sheria na mipango ni idadi ya nyumba zilizofikiwa, na hatua ya kwanza iliyo ndani ya uwezo wa kila shehia ni kuwa na daftari hai la wenye mahitaji, pamoja na mtu aliyefunzwa na anayelipwa, mwenye wajibu wa kulifuatilia kila ombi hadi lipate jibu. Historia ya Jadida inathibitisha kwamba kazi hiyo inawezekana, kwa sababu kila mara ilipofanywa, matokeo yake yalionekana.