NYUMBA YENYE MTOTO, MBWA NA PAKA (Sehemu ya 3): Sindano za kitovuni zilitoka wapi?

Sehemu mbili zilizopita tuliongelea sumu ya panya na nyaya za umeme, vitu ambavyo paka na mtoto wanaotambaa wote wanavifikia. Leo turudi nyuma kwenye historia kidogo. Kuna kitu cha zamani bado kinakaa majumbani mwetu, na kinaua.

Kitu chenyewe ni hofu. Mtoto anang'atwa na mbwa, mama anafunga kitambaa, anakaa kimya. Ukimuuliza kwa nini hakuja hospitali anakujibu, "Nesi, si ni zile sindano ishirini na moja za kitovuni? Mtoto wa miaka minne ataziweza wapi?" Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno. Na jamani, mama huyo hajadanganywa. Sindano hizo zilikuwepo kweli, ila ni za enzi nyingine.

Mwanzo wake ni mama kama wewe. Julai 1885, kule Alsace, mtoto wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister aling'atwa vibaya na mbwa aliyeonekana kuwa na kichaa. Miguu na mikono ilikuwa na majeraha 14. Wakati ule madaktari hawakuwa na tiba ya uhakika, na kusubiri kungeweza kuwa kifo. Mama yake hakusubiri. Alimchukua mwanawe akasafiri naye mpaka Paris, kwa mtu aliyesikia kuwa anafanya majaribio ya chanjo kwa mbwa. Mtu huyo ni Louis Pasteur. Tena hakuwa hata daktari wa binadamu, alikuwa mtaalamu wa kemia, kwa hiyo ilibidi daktari mwingine ndiye achome sindano. Dawa yenyewe ilitengenezwa kwa uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa kichaa, ukakaushwa hadi makali ya ugonjwa yakapungua. Joseph alichomwa mara 13 kwa siku kama kumi, na alichomwa tumboni, kwenye ngozi ya ubavuni. Alipona, akakua, na baadaye akawa mlinzi wa taasisi ya Pasteur palepale Paris.

Basi tumbo likaingia kwenye historia ya kichaa cha mbwa.

Mwaka 1911, daktari Mwingereza David Semple, akiwa Kasauli nchini India, alitoa chanjo nyingine. Hii ilitokana na ubongo wa wanyama walioambukizwa, kirusi kikauawa kwa dawa. Ilikuwa rahisi kutengeneza, kwa hiyo ilienea Asia na Afrika kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba ilikuwa dhaifu, ikalazimu kumchoma mgonjwa kila siku, siku 14 hadi 21, na dozi ya kila siku ilikuwa kubwa. Unaichoma wapi dawa nyingi hivyo? Tumboni, penye nafasi. Halafu kwa kuwa ilikuwa na mabaki ya ubongo wa mnyama, baadhi ya watu walipata madhara ya mishipa ya fahamu, wengine wakapooza. Kwa hiyo bibi akikusimulia habari ya sindano hizo huku anashika tumbo, msikilize kwa heshima. Anasema kweli.

Ila mambo yakabadilika. Miaka ya 1960 wataalamu wa Taasisi ya Wistar, Philadelphia, waliweza kukuza kirusi kwenye seli za maabara badala ya ubongo. Miaka ya 1970 chanjo hiyo ilijaribiwa Iran kwa watu 45 waliong'atwa na mbwa na mbwamwitu waliothibitishwa kuwa na kichaa. Hakufa hata mmoja! Tangu 1984 Shirika la Afya Duniani limekuwa likizihimiza nchi ziachane na chanjo za ubongo.

Sindano za leo, mama, ni za begani, na kwa mtoto mdogo ni pajani. Ni siku tatu au nne tu za kurudi, kutegemea ratiba mtakayopewa. Jeraha likiwa baya, kuna dawa nyingine inachomwa kwenye jeraha lenyewe. Kitovu hatukigusi.

Ukisubiri je? Dalili kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu kutokea, ndiyo maana watu hudhani mtoto amepona. Zikishaanza (kuogopa maji, kuweweseka, kushindwa kumeza) sisi hospitalini tunabaki kupunguza maumivu tu. Duniani hufa watu wapatao 59,000 kila mwaka, na katika kila kumi, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto ndiye anayecheza na mbwa, ndiye anayeng'atwa karibu na uso, na ndiye anayeficha asichapwe.

Kwa hiyo aking'atwa au kuparuzwa, na mbwa au na paka: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa. Si pilipili, si mafuta ya taa. Kisha hospitali siku hiyo hiyo: Makandana, Igogwe, Itete, iliyo karibu nawe. Piga simu kwanza uulize kama chanjo ipo, usije ukapoteza nauli na muda.

Sasa upande wa mbwa, maana huko ndiko ugonjwa unakozimwa. Japani walianza kuchanja mbwa kwa wingi miaka ya 1920, wakapitisha sheria mwaka 1950, na kufikia 1957 kichaa kikaisha nchini mwao. Mnyama wa mwisho kukutwa nacho alikuwa paka, kwa hiyo tusimsahau huyo wa jikoni. Na si Japani tu. Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, ilichanja mbwa wa vijijini kuanzia 1996. Baada ya kampeni ya kwanza kichaa kwa mbwa kilipungua kwa asilimia 70, baada ya pili asilimia 97. Pemba kilitoweka 2014, kikaletwa tena 2016, wakachanja upya, kikatoweka tena 2018. Mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, kirusi kinakosa pa kupita.

Shida ya hapa kwetu ni nyumba za kupanga. Ua mmoja, familia tano, mbwa mmoja wa mwenye nyumba. Usiku anawalinda wote, mchana watoto wote wanamvuta mkia, lakini siku ya chanjo hana mwenyewe. Paka ndiyo kabisa, kila mtu anamlisha na hakuna anayemmiliki. Ukienda kuangalia chumba, unauliza luku na maji. Uliza na kadi ya chanjo ya mbwa, na tarehe yake, kwa sababu inarudiwa. Kama haipo, changishaneni wapangaji mumwite mtaalamu wa mifugo wa kata. Gharama hiyo mkigawana ni ndogo sana ukilinganisha na dozi za mtoto mmoja.

Sehemu ya 4 nitaandika kuhusu minyoo ya paka na mbwa, na lile shimo la mchanga watoto wanalochezea.