Habari za Sodo na Baraza ya Ghala

Katika kijitabu hiki wanachama watasoma habari za maghala, za mizani na za bei ya pamba katika miaka hii kumi. Sisi tumepewa kuandika jambo ambalo katika kitabu cha mikutano limetajwa kwa maneno machache tu: "shauri la nguo". Karani hatumlaumu. Siku ile mabwana wa kamati wote waliinamisha vichwa, na sisi tulikuwamo.

Shauri lenyewe lilikuwa la sodo, yaani kitambaa avaacho mwanamke siku za hedhi. Si jambo geni. Bibi zetu walichana kanga zilizochakaa, wakazikunja, wakazifua kwa siri. Kosa halikuwa katika kitambaa, bali katika kukificha: kwa kuona haya walikianika uvunguni, pasipofika jua, kikavaliwa kingali kibichi, kikaleta muwasho na maradhi.

Mwaka 1920 ziliuzwa Marekani sodo za kutupwa za nyuzi za miti, za aina ile ile iliyokuwa imetumiwa kufungia majeraha katika Vita Kuu ya Kwanza. Vijijini kwetu zilifika kwa bei ya mjini. Kenya iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2004. Tanzania ilifanya vivyo hivyo mwaka 2018, lakini mwaka 2019 kodi ikarudishwa, Serikali ikieleza ya kuwa nafuu haikumfikia mnunuzi. Mkulima wa pamba huelewa neno hilo upesi kuliko mtu ye yote.

Wakati huo jirani zetu walikwisha anza kushona. Katika wilaya ya Masaka, Uganda, AFRIpads ilianzishwa mwaka 2010, na wanawake wa vijijini wakapata kazi ya mshahara. Habari zilipotufikia, akina mama wa chama kimoja cha msingi wakaomba mambo mawili: baraza ya ghala, ambayo hukaa tupu baada ya msimu, na mkopo wa vyerehani vitatu. Tuliwanyima mara mbili. Mzee mmoja alisema ya kuwa ghala ni la pamba. Mama mmoja akamjibu kwa adabu, "Baba, pamba hiyo tunaipalilia sisi. Binti yako akikosa shule siku nne kila mwezi, hasara ni ya nani?" Mara ya tatu tuliwapa.

Wao hushona flaneli upande wa mwili, taulo katikati, na chini kitambaa kisichopitisha maji, pamoja na vifungo vya kushikiza. Sodo hufuliwa kwanza kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya moto huigandisha damu katika nyuzi. Kisha kwa sabuni, kisha huanikwa juani. Cherehani walijifunza upesi. Kuanika hadharani kulichukua muda mrefu zaidi, na mwanzoni walitandaza kanga juu ya kamba.

Biashara nayo haikuwa nyepesi. Sodo idumuyo mwaka mzima haimrudishi mnunuzi upesi, hivyo ikawapasa kushona na sare za shule. Mkopo waliumaliza kwa kuchelewa msimu mmoja. Wako mabwana ambao mikopo yao ya pembejeo haijaisha hata leo.

Katika kumbukumbu za mkutano mkuu uliopita, karani yule yule ameandika "sodo" kwa herufi zilizo wazi. Kamba ya kuanikia iko mashariki ya ghala, mkabala na mizani.