Soksi Nyekundu Zilizoanikwa Hadharani

Juni 14, 1870, Brooklyn. Zamu zote tisa za besiboli zimekwisha, ubao unasoma 5-5. Wenyeji, Atlantic, wameridhika na sare na wanaondoka uwanjani. Harry Wright, nahodha wa Cincinnati Red Stockings, anakataa: kanuni inaruhusu zamu za nyongeza, basi zichezwe. Zikachezwa. Katika zamu ya 11 vijana wake wakapata pointi mbili, Atlantic wakajibu kwa tatu. Timu iliyoshinda mechi 57 msimu wa 1869 bila kupoteza hata moja ikalala 8-7.

Ushindi haukuwa jambo pekee lililoipa Cincinnati jina. Kwa miaka mingi chama cha besiboli kilishikilia kwamba mchezo ni wa ridhaa, huku mafundi wa mpira wakipokea chao kwa mlango wa nyuma. Harry, mzaliwa wa Sheffield, Uingereza, hakuona aibu katika malipo: baba yake alilipwa kucheza kriketi. Mwaka 1869 klabu yake ikawa ya kwanza kutangaza kwamba kila mchezaji yuko kwenye mshahara. Watu kumi, dola 9,300 kwa msimu. George, mdogo wake Harry, alichukua 1,400. Kaka mtu, aliyebeba unahodha na ukocha, 1,200. Mzaliwa wa Cincinnati kikosini alikuwa mmoja tu, Charlie Gould. Wanaolalamikia usajili wa wageni leo wamechelewa sana.

Baada ya kipigo cha Brooklyn viingilio vikapungua, na msimu ulipoisha viongozi wakasema mishahara hawaiwezi. Harry akahamia Boston na mdogo wake, na jina la timu pia.

Machi 17, 1871, ligi ya kwanza ya kulipwa ikaundwa New York. Ada ya kujiunga ilikuwa dola 10, na kwa bei hiyo hata klabu isiyo na nauli ya kumaliza ratiba iliingia. Boston ikabeba ubingwa miaka minne mfululizo, 1872 hadi 1875.

William Hulbert, kiongozi wa klabu ya Chicago, akachoshwa na vurugu za klabu zisizomaliza ratiba. Februari 2, 1876 akaanzisha National League. Ile ya kwanza ilijiita chama cha wachezaji. Hii ilikuwa ya klabu, na tofauti haikuchelewa kuonekana. Msimu ulipokwisha akazifukuza timu za New York na Philadelphia, miji mikubwa kuliko yote, kwa kugoma kusafiri kwenda magharibi.

Mwaka 1879 wenye timu wakapatana: kila klabu itahifadhi wachezaji watano ambao hakuna mwingine atakayewasajili. Msimu huohuo George, aliyekuwa amehamia klabu ya Providence, alikuwa ameipa ubingwa, akiipita Boston ya kaka yake. Sasa alitaka kurudi Boston, alikokuwa na biashara ya vifaa vya michezo. Providence wakamhifadhi. George akakataa kusaini, na msimu wote wa 1880 akaonekana uwanjani mara moja tu.